Baba Aliyezaa Akiwa Kaburini

Mama yangu ana baba wawili na hakuwahi kuwa na cheti hata kimoja cha kuzaliwa. Kwa zaidi ya miaka sitini hilo halikumsumbua mtu. Aliolewa bila cheti, akazaa bila cheti, akapiga kura kila uchaguzi, akamzika mume wake, na hakuna aliyemwuliza alizaliwa na nani. Likawa jambo siku dada yangu mdogo alipopiga simu kutoka ng'ambo, anakofanya kazi ya uuguzi, akasema ana mimba tena.

Neno lililotutia hofu lilikuwa hilo "tena". Mimba mbili zilikuwa zimemtoka huko, mumewe akiwa kazini, yeye peke yake na simu mkononi. Hii ya tatu, daktari alikuwa amemwamuru alale. Alimtaka Mama. Nilipomwambia ningeweza kwenda mimi, ambaye tayari nina pasipoti, alisema, "Wewe utanipangia dawa kwa alfabeti. Mimi nataka Mama."

Alikuwa na haki. Katika familia yetu mimi ndiye mwenye faili. Nyuma ya kabati langu, nyumbani Kisumu, nilikuwa na karatasi kubwa ya manila ambayo nilianza kuichora miaka kadhaa iliyopita, nikitaka kuwapanga watu wetu wote, nani alizaliwa na nani, hadi pale kumbukumbu inapokomea. Upande wa marehemu baba ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Upande wa Mama ulikuwa na alama ya kuuliza mahali pa baba yake, kwa sababu kila nilipomwuliza alinijibu jina tofauti, na mimi nikadhani anasahau.

Basi nikaenda kutafuta karatasi. Pasipoti ilitaka cheti cha kuzaliwa. Cheti, kwa mtu wa umri wake, kilitaka kitambulisho, kadi ya ubatizo, barua ya chifu, na uthibitisho kuhusu wazazi. Kitambulisho tulikuwa nacho. Kadi ya ubatizo ilikuwa ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai. Nikaziweka zote mbili mezani, moja kando ya nyingine, na hapo nikajua kwamba Mama hakuwa akisahau.

Miaka ilitofautiana. Hiyo sikuishangaa. Kadi ya kanisa ilisema alizaliwa mwaka ule ambao ziwa lilipanda hadi likaingia kwenye mashamba ya watu. Kitambulisho kilimwongezea miaka mitatu na kumpa siku ya kwanza ya Januari, siku ambayo nusu ya watu wa rika lake kando ya ziwa hili walizaliwa, ukiamini vitambulisho vyao. "Yule afisa aliniangalia uso akaandika," Mama alisema. "Nilikuwa nimetoka kupalilia. Nilikuwa na vumbi." Vumbi la siku moja lilimzeesha miaka mitatu.

Tatizo lilikuwa mahali pa baba. Kitambulisho kilikuwa na jina la mtu mmoja, kadi ya ubatizo jina la mtu mwingine kabisa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua mboga ya mrenda.

"Mama, baba yako ni nani?"

"Si nilikuambia."

"Umeniambia wawili."

"Eh, wawili." Hakuinua kichwa. "Mmoja ni wa nyumba, mmoja ni wa kunizaa. Unataka wa tatu?"

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Zamani mume akifa, mjane hakuondoka. Nyumba ilibaki ya marehemu hata paa likivuja. Mwanamume wa ukoo alichukuliwa kuitunza nyumba hiyo, na huyo kwetu huitwa jater. Watoto aliowazaa humo hawakuwa wake. Walikuwa wa mwenye nyumba, aliyelala kaburini, na wakaitwa kwa jina lake. Bibi yangu alifiwa na mume akiwa kijana, huko kwao upande wa Sondu. Aliyekuja kuitunza nyumba alikuwa binamu wa marehemu aliyekuwa amehamia Usenge kuvua samaki, na mwenye mke wake na watoto wake huko huko. Alikuja mara chache kwa mwaka, akakaa, akarudi ziwani. Katika kuja na kurudi huko alizaliwa Mama.

Kwa hiyo karatasi zile hazikugombana hata kidogo. Nilimhoji Mama kama mtu anayehoji shahidi, na ikawa hivi: katekista alimwuliza, "Nani alikuzaa?" Afisa wa vitambulisho, miaka mingi baadaye, alimwuliza, "Wewe ni wa nani?" Ni maswali mawili. Yote mawili yalijibiwa vizuri. Ni serikali iliyodhani ni swali moja.

Nilifurahi sana na ugunduzi huo. Furaha hiyo ilidumu mpaka dirishani kwa karani wa ofisi ya vyeti.

Hapa lazima niseme nilichofanya, kwa sababu mtu mwingine asingekifanya. Waliponiambia nithibitishe kwamba wazazi wa Mama walikwisha kufa, barua ya chifu ingetosha. Mimi nikaona heri nizidishe. Nilienda hadi Sondu, nikapiga picha kaburi la saruji la mwenye nyumba, tarehe ya kifo ikisomeka wazi, nikaichapisha picha hiyo kwa rangi, nikaiweka juu ya faili.

Karani alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wa chuo, kucha ndefu, mstaarabu. Alisoma barua ya chifu. Alisoma kitambulisho. Aliitazama picha, akakitazama kitambulisho tena, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Madam," akaniambia, "hii kitu imekataa."

"Imekataa wapi?"

"Huyu mzee amekufa kabla mama azaliwe." Hata kwa mwaka wa kitambulisho, unaomfanya Mama mzee zaidi, mwenye nyumba alikuwa tayari chini ya saruji. Karani akamgeukia Mama, na bila ubaya wowote, kwa kutaka tu kuelewa, akauliza, "Sasa Mama, huyu mzee alizaa akiwa kaburini?"

"Ndiyo," Mama akasema.

Foleni ikasogea karibu nyuma yetu.

"Alizaa watoto watatu akiwa kaburini," Mama akaendelea. "Mimi ndiye wa mwisho."

"Yawa!" mtu mmoja akasema kwenye foleni, na watu wakacheka, si kwa kumcheka Mama, bali kama wanaocheka mtu anapotaja hadharani jambo la nyumbani kwao. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kutafuta cheti cha kifo akamwambia karani, "Binti, mwandikie tu. Hata mimi nilizaliwa hivyo hivyo."

"Sistimu haina hivyo hivyo, Mzee," karani akasema.

Akamwita mkubwa wake, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Huyo hakuhitaji kuelezwa. Aliishika picha ya kaburi kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Hii nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Basi rudi nayo nyumbani." Kisha akatuambia tunachohitaji: hati ya kiapo inayotaja baba mmoja. Yeyote. "Lakini mmoja, Mama. Hapa kuna mstari mmoja tu."

Wakili tuliyempata ana ofisi mtaa wa Kondele, ghorofani, juu ya duka la viatu vya mitumba. Kelele za makanga wa matatu chini zilipanda hadi mezani kwake, kwa hiyo alizungumza kama anayehutubia mkutano. Alielewa haraka. Njia rahisi, alisema, ni kushika baba wa kitambulisho, maana jina lake limo katika kila kitu, na kuapa kwamba jina lililo kwenye kadi ya ubatizo liliandikwa kimakosa. Ukishika yule wa kadi, ubadilishe kitambulisho kwanza, na hiyo ni safari ya miezi. Tumbo la dada yangu lisingengoja miezi.

Akachapa. Akamsomea Mama kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo. Mama alisikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, akaiweka chini.

"Hapo kwa makosa," akasema. "Ondoa."

"Mama, hiyo ndiyo kazi yote ya karatasi."

"Haikuwa makosa."

"Lakini tukiiondoa, bado una baba wawili."

"Ninao."

"Mama," wakili akasema, akiegemea kiti, "hiki si kitabu cha nyimbo. Hatuchagui ubeti."

Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nilimwambia maneno makali kwa sauti ya chini: kwamba mtoto wake amelala kitandani nchi ya watu, kwamba watu hao wote wawili walikwisha kufa na hawatamlaumu, kwamba ni neno moja. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia katika maswali yangu yote, pengine kwa sababu sikuwahi kuliuliza.

Siku ya ubatizo wake, yule mtu wa Usenge alikuwa amekuja. Alikuja kama kawaida na gunia la omena, dagaa wa ziwani, akawakuta wanajiandaa kwenda kanisani, akafuatana nao. Mama alikuwa mkubwa wa kutosha kujibu mwenyewe. Katekista alipouliza, "Nani alikuzaa?" Mama alifungua mdomo kutaja mwenye nyumba, kama alivyofundishwa. Lakini mtu yule, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, alitangulia. Alitaja jina lake mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu. Bibi alimwangalia. Katekista akaandika.

"Alijitaja," Mama akasema. "Hakuna aliyemlazimisha. Mara hiyo moja. Sasa mimi niende niape kwamba alikosea?"

Wakili alivua miwani, akaisugua. Kisha akatazama saa.

Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulilainika hapo. Sivyo. Niliwaza siku zilizobaki. Na Mama alipoongeza kwamba hawezi kuamua lolote kabla ya kwenda Usenge kuwaambia watoto wa yule mtu, kwa sababu ni ndugu zake na ni adabu, nilitamani kulia.

Tulikwenda. Aliyebaki pale ni mwanawe mkubwa, anayenunua omena ufuoni na kuwauzia watu wa Kisumu. Tulimkuta akiwasimamia wanawake waliokuwa wakianika omena juu ya nyavu zilizotandazwa, jua kali, harufu ya samaki ikiuma pua. Alitupa viti vya plastiki. Alikuwa mchangamfu hadi Mama alipojitambulisha.

"Wa Sondu," akasema polepole. "Ile nyumba ya Sondu."

"Ndiyo."

Akaangalia faili mkononi mwangu. "Na huyu ni wakili?"

"Ni mtoto wangu."

"Na hiyo faili?"

"Anatembea nayo tu," Mama akasema.

Hakuridhika. "Mama, niseme ukweli, mapema. Shamba la mzee ni dogo. Tena tulishagawa. Hata mimi pale nilipo nalala na kuku."

"Sijaja kwa shamba."

"Maana siku hizi watu wanakuja na karatasi."

Mama alimweleza yote, kwa upole, kwa Dholuo cha zamani ambacho hanizungumzii mimi: dada yangu, pasipoti, mstari mmoja, na kwamba huenda ikabidi jina la baba yake lisiandikwe. Aliposema hivyo aliinama mbele kidogo. Nilimwona anangoja. Kwetu mtu humwita dada yake nyaminwa. Neno hilo moja. Yule bwana alikuwa amemwita Mama tangu tulipofika, kama unavyomwita mwanamke yeyote anayepita sokoni.

Uso wake ulifunguka kama mlango.

"Andikeni huyo mwingine!" akasema. "Andikeni huyo kabisa! Huyo wa Sondu ndiye baba yako, Mama. Wetu alikuwa anasaidia tu. Hata mkitaka shahidi, mniite, nasaini leo."

"Anasaidia," Mama akasema.

"Si ndiyo kazi ya jater? Mzee mwenyewe hakuwahi kututajia mtu huko."

Kisha akawa mkarimu kupita kiasi, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Akaagiza soda. Akatupimia omena kwa kopo, magorogoro mawili, akaongeza la tatu, akakataa kabisa kulipwa chochote, kana kwamba tulikuwa tumebishana. Alitusindikiza hadi barabarani akimwombea dada yangu baraka zote. "Safari njema, Mama," akasema, mara mbili.

Njiani Mama alikaa na mfuko wa omena mapajani. Nilijua ninapaswa kumwambia kitu. Nilichosema ni kwamba sasa angalau mambo yamekuwa wazi. Alifunga vizuri mdomo wa mfuko.

"Ana masikio ya baba yake," akasema. "Hajui tu."

Siku iliyofuata tulirudi Kondele. Sijui ni nini kilimpata wakili. Labda alikuwa amelala akawaza, labda alitaka tu tuondoke. Alikuwa ameandika upya. Neno "kimakosa" halikuwepo. Mahali pake aliandika kwamba kwa ajili ya usajili, Mama anatambulika kama mtoto wa mwenye nyumba, na kwamba karatasi zake zote, hata zenye majina tofauti, ni za mtu mmoja, ambaye ni yeye. Mama aliomba asomewe mara mbili. Akauliza kama "kwa ajili ya usajili" maana yake ni dirishani tu. Wakili akasema ndiyo, ni dirishani tu. Mama akatia sahihi, taratibu, herufi moja moja.

Dirishani, yule karani wa kucha ndefu aliangalia mhuri, akaangalia sahihi, akageuza ukurasa. Hakusoma hata mstari. Safari zote zile, gunia la maneno yale yote, mvutano juu ya neno moja, na hakuna aliyelisoma. Nilitaka kumshika mkono nimwambie, soma basi, tumeteseka. Mama akanikanyaga mguu.

Cheti kikatoka. Pasipoti ikafuata, baada ya vikwazo vyake ambavyo nitaviacha. Mama aliondoka amevaa sweta mbili, na omena ya Usenge, iliyokaushwa tena na kukaangwa, imefungwa katikati ya nguo ambako mimi nilimkataza kuiweka. Ilipita. Aliingia wodini huku dada yangu bado amelazwa, akakaa kando ya kitanda, akamkorogea uji kwa namna ambayo wauguzi wenzake walikuja kuutazama. Mtoto alizaliwa mzima, mwanamume, mwenye mapafu ya kutosha watoto wawili.

Alilia. Alilia wodini, akalia nyumbani, akashiba akalia, akabadilishwa akalia. Huko walimpima wakasema hana kitu. Siku moja mchana Mama alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza nyuma yake palikuwa kimya.

"Amenyamaza," akasema.

"Mlimpa dawa gani?"

"Tumemtajia majina."

Ninaijua desturi hiyo. Mtoto akilia bila sababu, watu humtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake; ni huyo mtu anayetaka kukumbukwa. Mama alianza na marehemu baba yetu. Hakuna. Akamtaja mwenye nyumba, yule wa cheti. Mtoto akazidisha. Kisha akamtaja yule wa Usenge.

"Mama, watoto huchoka kulia."

"Huyu hakuchoka. Alitajiwa."

"Na dada amekubali?"

"Ameshaandikisha. Huku ni haraka, mtu hakuulizi maswali." Nikasikia anamhamishia mtoto bega lingine. "Wewe mwandike kwa ile karatasi yako."

Nimeitoa manila nyuma ya kabati na kuitandaza mezani. Nimejaribu kwa penseli. Mahali pa baba yake Mama nimeweka majina mawili, na mstari unaotoka kwa kila mmoja, na mistari hiyo inakutana juu ya kichwa cha Mama kama paa la nyumba. Ni mbaya kutazama. Kila ninapoirekebisha, inaharibika zaidi. Kadi ya ubatizo, ambayo ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la yule mtu kama baba, Mama aliondoka nayo ndani ya Biblia, na nikimwuliza iko wapi hasa, hunijibu kwamba iko.

Siku moja mtoto huyo atakuwa mkubwa, na kama amenirithi, atataka kujua jina lake lilitoka wapi. Ataomba cheti cha mama yake. Ataomba cha bibi yake, chenye mhuri na hati ya kiapo nyuma yake. Atapekua vyote kutoka mwanzo hadi mwisho na hatamkuta mtu mwenye jina hilo popote. Atadhani karani alikosea.